Si Corona Iliyoinua Mkono

Tangu mwaka 2020 maelezo yamekuwa yaleyale, redioni, mimbarini, kwenye warsha na katika baraza za kahawa: wanawake walipigwa na watoto wakanajisiwa kwa sababu ya corona. Mume alisimamishwa kazi, mfuko ukakauka, watu wakabanana chumba kimoja usiku na mchana, hasira zikapanda, mkono ukainuka. Kisha kafyu ikaondolewa, watu wakarudi kazini, na yale yakapita pamoja na barakoa. Ukiyasikiliza bila kuyapima, maelezo haya yanaingia akilini vizuri. Yana huruma ndani yake, maana yanamwona aliyepiga kuwa naye ameumizwa na dhiki. Yana matumaini pia, maana yanasema ubaya ulikuja na ugonjwa na ukaondoka na ugonjwa.

Mimi siyakubali. Corona haikumfundisha mtu kupiga, wala haikumpa mtu mzima tamaa ya mtoto. Kilichofanywa na amri zilizotolewa kwa jina lake ni kuziba njia ambazo wanawake na watoto walizoea kuzipitia wakijinusuru. Kauli hizi mbili zina matokeo tofauti kabisa. Ikiwa ugonjwa ndio uliopiga, basi kazi yetu ilikwisha siku kafyu ilipoondolewa. Ikiwa ni njia zilizozibwa, basi wapo walioziziba, upo wajibu wa kuzifungua, na kazi hiyo hata nusu haijafika.

Nichukue Kenya. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa Machi 13, 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule zifungwe. Machi 27 ikaanza kafyu ya saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Aprili 1, David Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu, akatoa taarifa kwamba makosa ya kingono yameongezeka sana katika muda wa wiki mbili, na kwamba yamefikia asilimia 35.8 ya kesi za jinai zilizorekodiwa katika kipindi hicho. Akaongeza kuwa baadhi ya washukiwa ni jamaa wa karibu, walezi, au watu wanaoishi na hao waliodhulumiwa.

Zitazame hizo tarehe. Kafyu ilikuwa haijatimiza hata wiki. Kodi ya mwezi wa kwanza wa dhiki ndiyo kwanza ianze kudaiwa. Ukisema njaa na ukata viliwavunja wanaume mpaka wakawageukia watoto, itabidi ueleze jinsi vilivyofanya kazi hiyo yote katika siku chache namna ile. Aliyekuwa akimtazama mtoto wa nduguye kwa jicho baya mwishoni mwa Machi alikuwa nalo jicho hilo tangu Januari. Kilichobadilika ni kwamba mtoto hakuwa tena darasani kuanzia asubuhi hadi jioni, na shangazi aliyezoea kupita kuwajulia hali hakupita.

Wala hatukuwa na amani iliyokuja kuvurugwa. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Kenya wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kupigwa au kuumizwa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Utafiti wa mwaka 2010 uliowahoji vijana kuhusu utoto wao ulikuta kwamba karibu msichana 1 kati ya 3 alikuwa amedhulumiwa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Ng'ambo ya mpaka wa Lungalunga hali ilikuwa hiyohiyo. Utafiti wa mwaka 2009 Tanzania ulikuta takriban wasichana 3 kati ya 10, na ule wa 2015-16 ukakuta asilimia 40 ya wanawake wamewahi kupigwa. Tanzania ilifunga shule kuanzia Machi hadi Juni 2020, lakini haikuweka kafyu wala haikuwafungia watu majumbani. Wale wanawake walioulizwa mwaka 2015, na wale wasichana wa mwaka 2009, walipigwa na kunajisiwa na watu ambao hawakuwa wamelisikia hata jina la corona.

Hapo hutolewa jibu moja, nalo lina uzito: dhiki huchochea. Ukosefu wa kazi, ulevi wa mchana, madeni, hofu ya kufa, vyote hivi vinaongeza ukali wa nyumba ambayo tayari ni kali. Sikatai. Nyumba iliyokuwa ikishuhudia kipigo mara moja kwa mwezi ingeweza kukishuhudia kila wiki. Lakini dhiki ile ilikuwa ya wote. Mama mboga alifunga kibanda. Msusi alikosa kichwa cha kusuka. Wanawake waliokuwa wakitandika vitanda katika hoteli za Diani na Malindi walirudishwa makwao wakati watalii walipoacha kuja, nao walikuwa na watoto wa kulisha. Wengi wao ndio waliokuwa wakilipa karo na kununua unga. Msongo wa mawazo haukuwapita wanawake hata kidogo, na bado si wao waliojaza vitabu vya mashtaka.

Tena angalia hasira zenyewe zilivyokuwa na mipaka. Mwenye nyumba alipokuja kudai kodi, mume huyohuyo tunayeambiwa kuwa hasira zilimshinda alisimama mlangoni akamwamkia kwa adabu, akaomba asubiriwe wiki mbili. Polisi alipomgonga rungu kwa kuchelewa kafyu, alinyamaza. Akaingia ndani, akafunga mlango, na hapo ndipo hasira zikamshinda. Mtu anayejua nani wa kumpiga na nani wa kumnyenyekea hajashindwa na hasira. Amehesabu nani ana wa kumtetea na nani hana, na katika miezi ile hesabu yake ilikuwa sahihi, maana mke hakuwa na pa kwenda.

Njia hizo za kwenda hazionekani kirahisi kwa sababu ofisini hazina jina. Chukua chumba kimoja cha kupanga Kisauni: kitanda upande huu, pazia katikati, jiko la mafuta ya taa karibu na mlango, ndoo mbili za maji, watoto wanaolala mkekani. Mwanamke anayeishi humo na mume mkali hajawahi kuingia kituo cha polisi wala hamjui wakili. Lakini ana mbinu zake. Asubuhi anatoka na ndoo kwenda kioski cha maji, na kwenye foleni wenzake huliona jicho lililovimba kabla hajasema neno. Saa nne anakwenda Nyali kufua nguo za watu, na senti anazopata huko si zote zinazorudi nyumbani. Alhamisi ana chama, na mweka hazina wa chama ndiye anayemtunzia akiba ambayo mume haijui. Ana darasa la kina mama msikitini, au ana kwaya kanisani. Mambo yakizidi, jioni anambeba mdogo mgongoni, anamshika mkubwa mkono, anapanda matatu mpaka Mtwapa kwa dadake. Hulala siku tatu. Wazee huitwa, mume hukanywa, naye hurudi.

Sisemi kwamba huo ni usalama. Ni mzunguko unaochosha, na mwisho wake mara nyingi humrudisha kwa aliyempiga. Lakini mwanamume anayejua kwamba mkewe ataonwa kesho kwenye foleni, na kwamba shemeji yake wa Mtwapa ana mdomo, huuzuia mkono wake. Wanawake wengi wa nchi hii wako hai kwa sababu ya macho ya jirani na nauli ya matatu, kuliko kwa sababu ya sheria yoyote iliyopitishwa Bungeni.

Sasa zipitishe amri za 2020 juu ya maisha hayo. Tajiri wa Nyali hakutaka mtu wa nje aingie kwake. Mikusanyiko ikapigwa marufuku, chama kikafa. Misikiti na makanisa yakafungwa. Matatu ya abiria 14 ikaamriwa kubeba 8, na nauli ikapanda. Kisha, kuanzia Aprili 8, kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, watu wasitoke wala kuingia. Mtwapa, ambako ni mwendo mfupi tu kwa matatu, iko kaunti ya Kilifi. Yule dada alikuwa ng'ambo ya daraja na kizuizi. Hakuna aliyekaa ofisini akakusudia kumwumiza yule mwanamke wa Kisauni. Hilo naliamini kwa dhati. Ila hakuna pia aliyeuliza, kabla ya kutia sahihi, watu wanaokimbia vipigo watapita wapi.

Na usiku, ambao ndio wakati wa hatari, ndio uliofungwa kabisa. Orodha ya waliosamehewa kafyu ilikuwa na madaktari, maafisa wa usalama, wanahabari, wauza vyakula, watu wa umeme, wa simu na wa benki. Mwanamke anayekimbia na watoto hakuwemo, wala mwenye nyumba ya hifadhi anayempokea. Jioni ya kwanza ya kafyu, polisi waliwarushia mabomu ya machozi na kuwachapa watu waliokuwa wakisubiri feri Likoni, wengi wao wakiwa njiani kurudi kwao. Siku chache baadaye, Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao alipigwa risasi akafa wakati polisi wakisimamia kafyu. Mitaa yote ilizipata habari hizo. Mwanamke aliyekuwa akipigwa saa tatu usiku alikuwa na chaguo la kubaki ndani na mtu anayemjua au kutoka na kukutana na watu wenye bunduki asiowajua. Akibaki, jirani husema amekubali mwenyewe.

Waliobakwa walikuwa na saa inayokimbia dhidi yao. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi zinatakiwa zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora zaidi. Katika saa hizohizo daktari anatakiwa amchunguze na kujaza fomu ya huduma baada ya kubakwa, na polisi watoe fomu ya P3, kwa sababu bila ya karatasi hizo kesi mara nyingi huanguka. Mtoto aliyenajisiwa Ijumaa usiku, anayeishi mbali na hospitali, ambaye mamake hana nauli ya bodaboda na anaogopa kizuizi, Jumatatu usiku muda wake umekwisha. Mahakama nazo zilipunguza shughuli tangu katikati ya Machi. Waliopata nafasi hapo ni wale ambao siku zote wamependa kesi za namna hii zimalizwe nyumbani: wazee wawili watatu wanakaa chini ya mwembe, baba wa mtoto anapewa mbuzi au fedha, aliyenajisi anaomba radhi, na mtoto anarudishwa kuishi jirani naye. Mtindo huo ni wa miaka mingi kuliko umri wa mtu yeyote anayesoma makala haya. Mahakama zilipolegea, ukabaki peke yake.

Kuna takwimu moja ambayo hutajwa sana kuthibitisha kwamba corona ndiyo iliyopiga. Namba ya simu ya 1195, inayosaidia waliodhulumiwa kijinsia, ilipigiwa mara 86 Februari 2020. Juni mwaka huo ilipigiwa zaidi ya mara 1,100. Ongezeko hilo ni kubwa sana, na sina shaka kwamba ndani yake mna vipigo vilivyozidi. Lakini lisome pia kwa namna nyingine. Watu waliokuwa wakienda kwa dada, kwa imamu, kwa mweka hazina wa chama, sasa walikuwa na simu tu. Namba yenyewe ilitangazwa sana katika miezi ile. Na Februari, simu 86 katika nchi ambayo karibu nusu ya wanawake wamewahi kupigwa? Idadi hiyo ndogo haikuwa dalili ya utulivu, ila ilionyesha kwamba kabla ya corona hatukuwa tukihesabu.

Zaidi ya hayo, simu yenyewe ni njia ya wachache. Kupiga ni bure, lakini kunahitaji simu iliyo mkononi mwako, iliyo na chaji, na pahali pa kusemea ambapo mtu aliyekaa hatua mbili hatakusikia. Katika kile chumba cha Kisauni simu ni moja, na iko mfukoni mwa mume. Italia iliyaona hayo mapema: katika wiki za mwanzo za kufungiwa, Machi 2020, simu za kuomba msaada zilipungua kwanza, kisha zikapanda mno. Kule kupungua ndiko kulikopaswa kutisha zaidi, kwa sababu wanaume wakali walikuwa ndani na waliopigwa, na hakuna aliyeweza kusema.

Nimeyaacha ya watoto mpaka hapa kwa sababu ndipo maelezo ya mazoea yalipoharibu zaidi. Juni 2020 nchi ilishtushwa na habari kwamba wasichana karibu 4,000 katika kaunti ya Machakos pekee walipatikana na mimba kati ya Januari na Mei. Magazeti yakaandika, wanasiasa wakapiga kelele, na hukumu ikatolewa siku hiyohiyo: shule zimefungwa, wasichana wamekaa bure, wazazi wamelegea, haya ndiyo matunda. Sasa piga hesabu ambayo mkunga yeyote angeipiga. Shule zilifungwa katikati ya Machi. Msichana aliyehesabiwa kliniki Januari, Februari au Machi alishika mimba kabla ya shule kufungwa, wengine mwaka uliotangulia. Wengi wa waliohesabiwa Aprili na Mei nao ni vivyo hivyo, kwa kuwa msichana anayeficha tumbo haendi kliniki mwezi wa kwanza. Takwimu za wizara ya afya za miezi hiyohiyo ya 2019 zilipotafutwa, zilionyesha kwamba Machakos ilikuwa na wasichana wengi zaidi, 4,710. Yaani mwaka ambao shule zilikuwa wazi na kila kitu kikienda kama kawaida, hali ilikuwa mbaya kiasi hicho, na hakuna aliyeshtuka.

Inawezekana baadhi ya wasichana hawakwenda kliniki mwaka 2020 kwa kuogopa corona, na hivyo idadi ya mwaka huo ikaonekana ndogo. Hata hivyo hoja inabaki. Tulizichukua mimba za miaka yote tukaitwika corona, na kwa kufanya hivyo tukajiondolea lawama. Na katika kelele zote zile za Juni, maswali yaliulizwa kuhusu wasichana: walikuwa wakifanya nini, wamevaa nini, wametazama nini katika simu. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inasema wazi kwamba mtoto hawezi kutoa ridhaa. Kwa hiyo nyuma ya wale karibu 4,000, kila aliyekuwa chini ya miaka 18 alikuwa na mtu aliyetenda kosa la jinai. Sikumsikia mwanasiasa hata mmoja akiuliza wanaume hao wako wapi.

Kufungwa kwa shule kulikuja kuleta madhara yake, ila yalionekana baadaye, na yalionekana kwa waliotazama kwa subira. Watafiti waliowafuatilia wasichana wa sekondari katika kaunti ya Siaya walikuta kwamba wale waliokumbwa na miezi ile ya kufungwa walikuwa na hatari mara mbili ya kushika mimba kabla ya kumaliza shule, na hatari mara tatu ya kuacha shule, wakilinganishwa na waliowatangulia. Hapo ushahidi ni imara, na unaunga mkono ninalolisema. Shule kwa msichana wa Siaya, Kwale au Machakos ni zaidi ya masomo. Ni mahali anapokuwa kuanzia asubuhi hadi jioni machoni pa watu. Ni chakula cha mchana ambacho hakimlazimu kumwomba mwanamume mwenye bodaboda. Ni mwalimu wa kike anayegundua kwamba mtoto aliyekuwa akicheka sasa hasemi, anayekaa kwenye dawati kwa upande mmoja, asiyetaka kengele ya mwisho ilie. Sizisifii shule kupita kiasi. Wapo walimu ambao ndio wanajisi wenyewe, na kesi zao zimejaa. Lakini mtoto anayenajisiwa nyumbani akikosa shule hana mtu mzima mwingine.

Uganda ilifunga shule Machi 2020 na haikuzifungua kikamilifu hadi Januari 2022, karibu miezi 22. Wala haiwezi kusemwa kwamba serikali zetu hazikuwa na pa kujifunzia. Sierra Leone ilifunga shule wakati wa Ebola, mwaka 2014, na wasichana zaidi ya 18,000 wakahesabiwa kuwa na mimba katika kipindi cha mlipuko ule. Kisha serikali yao ikawapiga marufuku wenye mimba kurudi darasani, marufuku iliyokuja kuondolewa Machi 2020, mwezi uleule ambao sisi tulikuwa tukifunga zetu. Somo lilikuwa mezani, limeandikwa, likisubiri kusomwa.

Julai 2020 Rais Kenyatta aliagiza taasisi ya taifa ya utafiti wa uhalifu ichunguze ongezeko la dhuluma za kijinsia. Mwaka uliofuata Kenya ikaahidi mbele ya dunia, katika mkutano wa Paris, kwamba itazikomesha kufikia 2026. Mnamo Oktoba 2021 mambo mawili yalitokea: ukazinduliwa mpango wa Policare, wa kumwezesha aliyedhulumiwa kupata polisi, daktari na mwanasheria mahali pamoja, na kafyu ikaondolewa. Kama maelezo ya mazoea yangekuwa kweli, simulizi ingeishia hapo.

Haikuishia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliwakuta wanawake waliowahi kupigwa ni asilimia 34. Kiwango kimeshuka kutoka kile cha 2014, nalo ni jambo la kushukuru, lakini mwanamke 1 kati ya 3 hawezi kuitwa mafanikio. Januari 27, 2024, maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi na miji mingine baada ya mfululizo wa mauaji ya wasichana. Novemba mwaka huo polisi wenyewe wakatangaza kwamba wanawake 97 walikuwa wameuawa katika muda wa miezi mitatu. Desemba 10, walioandamana tena kupinga mauaji hayo wakatupiwa mabomu ya machozi. Januari 2025 Rais William Ruto akaunda jopo, chini ya Nancy Baraza, aliyekuwa Naibu Jaji Mkuu, lichunguze tatizo. Katika miezi yote hiyo hapakuwa na kafyu ya nchi nzima, wala karantini, wala matatu ya watu 8. Mikono iliyoua mwaka 2024 ilikuwa huru kwenda kazini, na waliouawa walikuwa huru kupanda gari.

Kwa hiyo swali la maana ni kuhusu njia, na litarudi tena kwetu. Mafuriko ya 2024 yalisogeza mbele siku ya kufunguliwa kwa shule nchini Kenya. Kipindupindu hufunga masoko. Fujo za uchaguzi huleta kafyu. Kila mara watu watafungiwa, na kila mara atakuwepo aliyefungiwa na mtu wa kumwogopa.

Wengine walijaribu, na si mambo ya kutuzidi uwezo. Ufaransa, mwishoni mwa Machi 2020, ilitangaza kulipia siku 20,000 za kulala hotelini kwa ajili ya wanawake wanaokimbia nyumba zao, wakati ambapo hoteli hizo zilikuwa tupu. Za kwetu Nyali na Bamburi zilikuwa tupu pia. Visiwa vya Canaria, nchini Uhispania, viliweka neno la siri ambalo mwanamke alilitaja kwenye duka la dawa kana kwamba anaagiza barakoa, na mhudumu akawaita polisi. Sisi hapa tulikuwa na pahali ambapo hapakufungwa hata siku moja: duka la dawa, wakala wa M-Pesa, kioski cha maji, duka la unga. Yule mwanamke wa Kisauni alikwenda kwenye mojawapo karibu kila siku, na mumewe hakumuuliza. Wahudumu wa afya wa kujitolea walipita nyumba kwa nyumba wakifundisha kunawa mikono. Wangeweza kufundishwa pia kuuliza swali moja mlangoni na kujua pa kulipeleka jibu. Kamati za Nyumba Kumi zilipewa kazi ya kuripoti mgeni anayeingia mtaani. Hazikupewa kazi ya kuripoti kilio.

Kabla ya kafyu nyingine kutangazwa, ninaomba amri yenyewe iwe na mstari mmoja unaosema kwamba anayekimbia dhuluma, na anayemsindikiza, na anayempokea, hawana kosa barabarani saa yoyote. Ninaomba shule ikifungwa, mwalimu apewe jukumu na muda wa maongezi wa kumtafuta kila mtoto wa darasa lake mara moja kwa wiki. Ninaomba hifadhi za wanawake zihesabiwe pamoja na hospitali, zisifungwe na zisikose fedha. Na kwako msomaji, kama wewe ni shemeji wa Mtwapa, jirani wa ukuta mmoja, au mwenye duka la kona: usingoje aje kukueleza. Muulize ukiwa naye peke yake. Namba ya 1195 nchini Kenya ni ya bure, na ya watoto ni 116, ambayo ni ileile Tanzania na Uganda.